Taka Hazina Kadi ya Chama

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa chama jimboni kwetu, Dar es Salaam, Juni 2024. Wengi mliniomba niyaandike. Nimerekebisha pale nilipokuwa nimerukaruka, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Najua mada yangu imewekwa kabla ya chai, kwa hiyo nitajitahidi nisiwe adui wa mtu.

Mada niliyopewa inasema: "Jiji safi, la kijani na lenye afya: wananchi wanataka nini?" Nilipoipokea nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa sheria hufanya. Nikafungua laptop nikaanza kupanga vifungu. Usiku wa pili nikajiuliza, hivi mimi nimemuuliza nani? Mada inauliza wananchi wanataka nini, mimi naandika ninachotaka mimi. Nikafunga laptop. Jumamosi mbili mfululizo nikazunguka mtaani kwetu na daftari. Mtaa wenyewe sitautaja, maana mtendaji wetu naye ana simu.

Niliuliza swali moja tu: ungepewa kitu kimoja cha kubadilisha kwenye usafi wa mtaa huu, ungebadilisha nini?

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja jirani yetu. Nikamwamkia, nikakaa barazani, nikamuuliza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nataka gari la taka lije siku waliyosema litakuja." Nikasubiri aongeze. Hakuongeza. Anavyosema, viroba vinakaa nje siku tisa, kumi, kuku na mbwa wanavifumua, halafu mgambo anakuja kumtoza faini yeye kwa uchafu wa mbele ya nyumba. Ada ya taka ameshalipa na risiti anazo kwenye kopo la maziwa.

Mama lishe wa pale stendi ya bodaboda alisema anataka sehemu ya kumwaga maji machafu. Anamwaga mtaroni kwa sababu hana pengine, na kila mwezi anakamatwa kwa kumwaga mtaroni. Vijana wa bodaboda walisema wanataka miti. Barabara ilipopanuliwa, miti yote miwili iliyokuwa inawapa kivuli ilikatwa, na hakuna hata mche uliopandwa. Wanakaa juani kuanzia saa nne mpaka jioni. Kijana anayevuta mkokoteni wa taka alisema anataka glavu na buti. Akanionyesha kiganja. Sindano ilimchoma mwezi wa tatu, akaenda kupima mwenyewe, kwa hela yake mwenyewe.

Na kuna mama mmoja, anapanga nyumba ya tatu kutoka mtaro mkubwa. Mtoto wake wa miaka miwili alilazwa kwa kuharisha wakati wa mvua za mwaka huu. Unajua mvua ikija kubwa, kuna watu wanatapisha vyoo. Wanafungua kifuniko, maji ya mvua yanabeba kila kitu mpaka mtaroni, na mtaro ukiwa umeziba kwa plastiki, unarudisha vyote kwenye nyumba za watu. Nilipomuuliza anataka nini, aliitazama fulana yangu. Ilikuwa fulana ya chama. Akasema, "Dada, mimi sitaki siasa kwenye mtaro wangu. Wa kijani walikuja wakapiga picha. Nyie mkaja mkapiga picha. Mtaro uko vilevile."

Jamani, sikuwa na jibu. Niliaga nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nilivaa blauzi ya kawaida.

Sasa nataka tukae na maneno ya huyo mama, kwa sababu ndiyo mada yenyewe. Katika watu wote nilioongea nao, hakuna hata mmoja aliyetaja jiji la kisasa. Hakuna aliyetaja Dubai. Walichotaka ni gari lije siku yake, mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, mti urudishwe, mzoa taka apewe glavu, na hela wanayolipa waone imefanya nini. Yaani wanataka mtu wa kumuuliza, na akiulizwa ajibu.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Watu wengi, hata humu ndani, wanadhani usafi ni huruma ya Serikali. Kwamba ukipata mkuu wa wilaya mkali, mji unang'aa, akihamishwa, basi. Sio hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Na kusimamia taka ngumu, sheria hiyohiyo imezibebesha mamlaka za serikali za mitaa. Kwa hiyo yule bibi mwenye risiti kwenye kopo la maziwa haombi msaada. Anadai.

Na sio maandishi tu. Wazazi wetu walishawahi kudai wakashinda, ila hatusimuliwi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoka na dampo la jiji. Moshi usiku na mchana, nzi, harufu, watoto wanakohoa. Joseph Kessy na wenzake wakaishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kumbukeni miaka ile: chama kimoja, na sura ya haki za binadamu iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutumika mahakamani, mwaka huohuo wa 1988. Mahakama Kuu ikaamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata. Jiji likaenda kuomba liongezewe muda, eti halijapata sehemu nyingine. Jaji Lugakingira akakataa. Akasema kuweka maisha ya watu hatarini kwa taka ni kuvunja haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba.

Nilipoisoma hiyo kesi mara ya kwanza, maktaba, nilitaka kusimama nishangilie. Wakazi wa kawaida wa Tabata, walioshikamana, wakaisimamisha ofisi ya umma.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi, na hii ndiyo ninayotaka muondoke nayo leo. Zile taka za Tabata zilienda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakaenda mahakamani mwaka 1991. Nao wakashinda. Baada ya hapo zikaenda Vingunguti. Baadaye Mtoni. Leo hii ziko Pugu Kinyamwezi.

Mnaona kilichotokea? Wananchi walishinda kesi, taka zikahama. Kila waliposhinda watu wa hapa, zikaenda kwa watu wa pale. Mahakama ilikuwa na uwezo wa kusema "hapa hapana". Swali la "sasa wapi, na kwa utaratibu gani" linajibiwa na baraza la madiwani, bajeti, mikataba ya wazoaji na mipango miji. Linajibiwa na siasa. Kwa hiyo yule mama aliyeniambia hataki siasa kwenye mtaro wake, mimi namwelewa kabisa, lakini mtaro wake umeziba kwa siasa na utazibuka kwa siasa. Asichotaka yeye ni siasa ya picha. Na kwa hilo yuko sahihi asilimia mia.

Tujiseme na sisi basi. Tuko nyumbani, hakuna mgeni.

Baada ya uchaguzi wa 2015, upinzani ulipata madiwani wengi Dar es Salaam, na mwaka 2016 tukapata meya wa Jiji. Najua yaliyotukuta. Najua fitina za vikao, najua wateule waliokuwa wanatoa maagizo juu ya vichwa vya madiwani waliochaguliwa. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Yote hayo nayajua na tutaendelea kuyasema. Lakini mwananchi ana haki ya kutuuliza: kwa muda mliokuwa mmeshika, mlituachia nini kwenye taka? Mkataba gani wa mzoaji mliubandika ukutani? Diwani gani wetu alikuwa anasoma mapato ya ada ya taka kwenye mkutano wa mtaa? Tukijibu kwa kulaumu tu, atatupa kura ya huruma mara moja, mara ya pili hatatupa.

Kingine, tuache kudhani usafi ni mada nyepesi, ya akina mama na watoto wa shule ya msingi. Usafi ni uhai. Aprili mwaka huu Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huu zilikuwa zimeshaua watu 155 nchi nzima. Mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini nyumba kujaa maji sio mvua peke yake. Ni mtaro ulioziba, ni mto uliojaa mchanga na plastiki, ni bonde lililojengwa watu wakiona na vibali vikitolewa. Desemba 2011 tulizika watu hapa Dar kwa mafuriko, waathirika wakapelekwa Mabwepande. Tangu hapo, kila masika Jangwani barabara inafungwa na kila masika tunashangaa kama vile ni mara ya kwanza.

Sasa kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ni kupanua njia ya mto, kujenga daraja jipya pale Jangwani na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya wananchi. Mimi siupingi. Sisi vijana wa upinzani tusiwe watu wa kupinga kila kitu hata daraja. Lakini tuulize maswali ya watu. Aliyehamishwa bondeni amelipwa kwa haki, na amehamia wapi? Asije akawa amehama Msimbazi akaenda kujenga kwenye bonde lingine. Na mto ukishapanuliwa, nani atazuia plastiki isiujaze tena? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na kweli imepungua, tuseme ukweli. Lakini chupa je? Vifungashio je? Piteni mtaro wowote baada ya mvua muone.

Jiji hili sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728. Sensa ya 2012 tulikuwa 4,364,541. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya milioni moja. Wote wanakula, wote wanatupa, wote wanahitaji kivuli. Na viwanja vya wazi ndiyo kwanza vinazidi kupungua. Kila mmoja humu anakumbuka kiwanja alichochezea mpira ambacho leo ni fremu za maduka.

Sasa tufanye nini? Uchaguzi wa serikali za mitaa ni mwishoni mwa mwaka huu. Wengine humu mtagombea uenyekiti wa mtaa na ujumbe. Nina mambo manne, madogo, ya kufanyika bila kusubiri kuingia Ikulu.

La kwanza, ulizeni kwa maandishi. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika barua kwa ofisi ya umma, anaomba taarifa, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andikeni: tunaomba nakala ya mkataba wa mzoaji taka wa kata yetu, ratiba ya magari, na mapato ya ada kwa mwezi. Barua moja, ukurasa mmoja, lugha ya heshima. Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri. Mimi niliwahi kwenda kuuliza kwa mdomo kwenye ofisi moja, nikaambiwa, "Binti, umetumwa na chama gani?" Barua yenye muhuri haiulizwi imetumwa na chama gani.

La pili, hudhurieni. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Ni wangapi humu mmewahi kukaa kwenye kimoja? (Hapa mikono ilinyooka mitatu.) Mnaona. Tunajaza viwanja kwenye mikutano ya hadhara, na nafurahi, maana tulizuiwa kuifanya tangu 2016 mpaka Januari 2023. Lakini bajeti ya taka haipitishwi kwenye mkutano wa hadhara. Inapitishwa kwenye ukumbi wenye feni mbovu na viti vya wageni vilivyo vitupu. Nendeni na daftari. Mkutano wa wakazi wa mtaa ukiitishwa, msikimbie kwa sababu mwenyekiti ni wa chama kingine. Simama, uliza mapato na matumizi, kaa.

La tatu, simameni na wazoa taka na waokota chupa. Hao ndio wanaoliokoa jiji hili kila siku, na sisi tunawaita machizi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka jana na sasa Serikali imetangaza kuirudisha. Wasaidieni vijana wa mikokoteni wajisajili kama kikundi, wafungue akaunti, waombe mkopo wa guta na vifaa. Msiwaulize kadi. Nasema tena, msiwaulize kadi.

La nne, ikishindikana kabisa, sheria ipo, lakini nendeni mkijua njia. Mwaka 2020 mambo mawili yalibadilishwa. Anayefungua kesi ya haki za kikatiba akatakiwa aonyeshe jambo hilo limemgusa yeye binafsi. Tulilalamika, na nadhani tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kwa taka, hilo halikuwa kikwazo kikubwa: anayeishi hatua ishirini kutoka dampo ameguswa, hahitaji kuandika insha. La pili, kuishtaki halmashauri siku hizi unatoa kwanza notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Siku 90 ni nyingi, msimu mzima wa mvua unapita. Kwa hiyo msisubiri mtaro ufurike ndipo mtafute wakili. Kusanyeni ushahidi wakati wa kiangazi. Picha zenye tarehe, risiti za ada, cheti cha hospitali, barua zisizojibiwa. Tabata hawakushinda kwa kelele peke yake. Walipeleka ushahidi wa jinsi walivyokuwa wanaishi.

Nimalizie na yule mama wa nyumba ya tatu.

Wiki iliyopita nilirudi. Sikwenda na fulana wala na kamera. Nilikwenda na barua ya kuomba ratiba ya kuzibua mtaro, nikamwomba aisome, na kama anakubaliana nayo aweke jina lake. Akaisoma taratibu, mtoto yuko mgongoni, amepona Alhamdulillah. Akaniuliza, "Humu hamjaandika chama?" Nikamwambia hapana, mama, tumeandika wakazi. Akaweka jina. Akaniambia ngoja. Akaenda kumwita jirani, jirani akamwita bibi, bibi akaja na kopo lake la risiti. Mpaka jioni tulikuwa na majina kumi na tisa. Wanne kati yao nawajua ni wa chama tawala, mmoja ni balozi wao wa nyumba kumi kabisa. Taka hazina kadi ya chama, na harufu nayo haina.

Barua tumeipeleka Jumatatu. Imegongwa muhuri. Siku 30 zinahesabiwa. Sijui watajibu nini, na sitawaahidi nyie wala yule mama kwamba mtaro utazibuliwa kabla ya vuli. Ila najua kwamba siku ya thelathini na moja tutakuwa pale ofisini watu kumi na tisa, na nitafurahi mkija na nyie. Njooni na nguo za kawaida.

Chai iko tayari, na tafadhali, vikombe vya plastiki tusiviache chini ya viti.